Kadi Ishirini na Saba

Mwanaume akikutwa ndani ya banda la mke wake ameshika tepu ya kupimia, akaulizwa anafanya nini, akajibu "tutaongea baadaye," ujue ameshaongea na mtu mwingine. Evaresta alimkuta Reginald hivyo Jumatatu asubuhi, anapima ukuta hadi ukuta huku midomo ikihesabu. Banda lenyewe lilikuwa mita tatu kwa nne, giza ndani, na mifuko ya uyoga imening'inizwa kwa kamba safu kwa safu, hivyo ilibidi apite kwa ubavu kama mtu aliyechelewa ibada.

"Unapima nini, Baba Nice?"

"Dirisha. Litakaa hapa. Mtu hawezi kulala chumba kisicho na dirisha."

"Mtu gani?"

"Mpangaji." Reginald alirudisha tepu kwenye kasha lake. "Ameshapatikana. Anaingia mwisho wa mwezi."

"Mpangaji gani huyo?"

"Tutaongea baadaye."

Reginald hakuwa mume mbaya, na mtu asinisingizie kwamba nimesema hivyo. Alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, hanywi siku za kazi, na ada ya binti yao Nice, aliyekuwa shule ya bweni, hakuwahi kuichelewesha. Lakini safari hii alikuwa na hoja, na mwanaume mwenye hoja anachosha kuliko mlevi. Mpishi wa hoteli aliyekuwa akichukua uyoga wote wa Evaresta alihamia Zanzibar mwezi uliopita, na aliyempokea jiko alikuwa mtu wa kufungua makopo. Tangu hapo Evaresta alikuwa akipeleka uyoga sokoni Kwa Mrombo kwa vifuko, na akina mama waliuminya, wakausifia, wakauliza unapikwaje, kisha wakanunua mchicha.

"Nipe mpaka tarehe thelathini," alisema Evaresta. "Nikipata mnunuzi wa kudumu, banda linabaki langu."

"Wa kudumu. Siyo wa kuonja."

"Wa kudumu."

"Haya," alisema Reginald, kwa upole wa mtu anayejua hatashindwa. Alipofika mlango wa nyumba aligeuka. "Na yale majina yako ishirini ya kamati, Mama Nice. Wenzako wote wameshaleta."

Maana Reginald alikuwa pia katibu wa kamati ya harusi ya Godbless, mtoto wa marehemu kaka yake, na hapo ndipo kipaji chake kilipokuwa. Kuna watu wanajua kuimba, wengine wanajua kuunga mifupa. Reginald alijua kumtoa mtu mchango. Alimchangisha daktari wa meno huku mdomo wake mwenyewe uko wazi. Alimchangisha trafiki aliyemsimamisha barabarani, na trafiki akashukuru kuachiwa aende. Kwa harusi hii kila mwanakamati alitakiwa kuleta majina ishirini ya watu wa kuombwa, pamoja na namba zao za simu, na mke wa katibu, ambaye akiomba chumvi kwa jirani anaona haya wiki nzima, hakuwa ameleta hata moja.

"Nitaleta," alisema, ili tu aondoke.

* * *

Habari za kifungua kinywa cha wafanyabiashara Evaresta alizikuta kwenye tangazo lililobandikwa saluni: Ijumaa saa moja asubuhi, hoteli moja ya Njiro, kutana na wanunuzi wakubwa, kiingilio elfu arobaini pamoja na chai. Alipomweleza mume wake jioni, Reginald aliweka kijiko chini.

"Elfu arobaini kwa chai? Hiyo chai inakuja na ng'ombe wake?"

"Ni kukutana na watu."

"Watu mbona wamejaa barabarani bure."

Alilipa kutoka kwenye fedha yake ya kikoba na akachapisha kadi mia moja za biashara, maana asiye na kadi kwenye mambo hayo ni kama hakuja. Kijana wa kompyuta alimwekea picha ya uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Ni mzuri kwa kuangalia, isipokuwa ndio ule ambao mtu yeyote aliyekulia porini anajua hauliwi mara mbili. Evaresta alipomwambia, kijana alisema ndio aliokuta kwenye mtandao, na wakati huo zote mia zilikuwa zimeshatoka.

Ijumaa ukumbini walimbandika jina kifuani, wakampa kikombe. Mbele alisimama kijana mwenye suti ya bluu inayombana, anaitwa Kocha Tajeu, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wazima namna ya kusalimiana.

"Usiuze," alisema kocha. "Jenga uhusiano. Mtaji wako ni watu. Toa kadi, chukua kadi. Atakayeondoka hapa hajafikisha kadi ishirini, huyo alikuja kunywa chai."

Evaresta alikuwa mwanafunzi mzuri tangu shule ya msingi, na hilo la ishirini alilichukua kama mtihani. Alizunguka meza kwa meza, kila mtu na sekunde zake thelathini. Kufika saa mbili alikuwa amegundua jambo ambalo kocha hakulitaja: mle ndani walikuwa watu sitini, na karibu wote walikuja kuuza. Alikutana na wa viwanja vya Nduruma, wa umeme wa jua, wa vigae, na dada mmoja aliyeuza mafunzo ya namna ya kuuza. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake kwa uso wa kungoja amalize.

"Naitwa Evaresta, nalima uyoga hapa hapa mjini, nikivuna asubuhi..."

"Huu?" Mwanaume mmoja mnene mwenye tabasamu, Simel wa bima, aliinua kadi aliyopewa usawa wa macho. "Dada, huu si unaua?"

"Hiyo ni picha tu. Wangu ni mamama, mweupe, hauna shida."

"Hata hivyo," alisema Simel akivuta kiti karibu, "una bima ya maisha?"

Mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja. Aliitwa Naisiae, meneja manunuzi wa loji moja ya njia ya Momela, na ungemjua kwa jinsi alivyozungukwa, chai imepoa, mkono mmoja una kipande cha kigae alichopewa aonje kwa macho na mwingine una kopo la siagi ya karanga. Evaresta alipanga foleni. Wa vigae alimpita mara mbili akisema samahani. Zamu yake ilipofika, maneno yote ya sekunde thelathini yalimtoka kichwani, akajikuta anapiga goti kidogo na kusema shikamoo kwa mwanamke ambaye huenda walizaliwa mwaka mmoja.

"Marahaba," alisema Naisiae, bila kufurahi sana. Aliitazama kadi. "Hii picha nani alikuwekea?"

"Kijana wa kompyuta."

"Mwambie asije akaingia kwenye kilimo. Unalima mamama?"

"Ndiyo. Hoteli niliyokuwa napeleka wamebadilisha mpishi."

Naisiae alichukua kadi yake mwenyewe, akaigeuza, akaandika namba nyuma kwa kalamu. "Hii ni ya mkononi mwangu. Nipigie Jumatatu saa nne kamili. Mara moja. Usinitumie meseji, usinitumie picha, usinisalimie asubuhi na mistari ya Biblia. Mtu wa kunifuatafuata namfungia namba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Evaresta aliondoka na kadi ishirini na saba, amezifunga mpira, ya Naisiae juu. Alishuka ngazi za hoteli amefurahi hata akamsalimia mlinzi kwa jina lililoandikwa kwenye sare yake.

* * *

Jumamosi alikwenda Nduruma kutafuta majani makavu ya maharage ya kujazia mifuko mipya, simu akaiacha kwenye chaji. Aliporudi saa tisa na magunia mawili, Reginald alikuwa mezani, miwani puani, zile kadi amezipanga mbele yake safu tatu. Akasimama kumpokea. Kwa kweli Reginald hakuwa amesimama kumpokea mke wake tangu siku ya ndoa.

"Mama Nice, umenitia aibu."

"Nimefanya nini?"

"Kila siku nakupigia kelele, majina, majina, kumbe mwenzangu unafanya kazi kimya kimya. Ishirini na saba. Mwenyekiti mwenyewe hajafikisha. Na watu wenyewe sasa." Alipitisha kidole juu ya safu. "Mkurugenzi. Mkurugenzi. Meneja. Mkurugenzi."

Evaresta alitazama meza. Kadi alikuwa ameziacha juu ya daftari la kamati, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Na nyumba inayosubiri harusi ikikutwa na fungu la namba za watu juu ya daftari la kamati, maana yake ni moja tu, na mwanaume yeyote mwenye akili timamu katika Arusha hii angefikiri vilevile. Hilo alikuja kulikubali baadaye. Siku hiyo hapana.

"Umezifanya nini hizo kadi?"

"Nimewaingiza kwenye grupu." Alimpa simu yake asome mwenyewe.

Ujumbe ulisema: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu, umependekezwa na dada yako mpendwa Evaresta kuwa mwanakamati wa harusi ya kijana wetu Godbless na binti yetu Princess. Kikao ni Jumapili ijayo saa kumi jioni, nyumbani kwa katibu, Kwa Mrombo. Bajeti nimeiambatanisha. Ukimya wako tutauchukulia kuwa ni ahadi. Ni mimi katibu, Reginald.

"Na huyu?" Evaresta aliinua kadi ya Naisiae.

"Huyo nimetumia ya nyuma. Ya mbele niliona ni ya ofisini."

Alikaa juu ya gunia. "Baba Nice, hao ni wafanyabiashara. Nilikwenda kutafuta mnunuzi."

"Kwani wanunuzi hawaendi harusini?"

Aliichukua simu amtoe Naisiae kwenye grupu, kidole kikaganda hewani. Kumtoa mtu kwenye grupu la harusi ni kumwambia mbele ya watu mia na hamsini kwamba hatakiwi aje. Kumwacha ni kumfuatafuata. Na namba yake ilikuwa imeshaingia kwenye orodha ya waliosoma.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Kocha Tajeu, yule ambaye mtaji wake ni watu. Hakumaliza dakika nne. Wengine tisa walimfuata. Waliobaki, kwa kuwa walishalipa elfu arobaini kutafuta wa kuwauzia, waliona wameletewa bure. Simel aliahidi elfu hamsini na katika ujumbe huohuo akauliza kama maharusi wana bima. Wa viwanja aliweka ramani. Shangazi mmoja wa Rombo, asiyejua lolote, aliuliza kama kiwanja kina maji, akajibiwa kisima kipo, na kufikia Jumapili jioni mashangazi wawili walikuwa wameomba kwenda kuviona. Reginald aliandika mara tatu kwamba hapa si sokoni. Mara ya tatu mtu wa umeme wa jua alimtumia orodha ya bei.

Naisiae hakuondoka, hakuandika. Evaresta alitunga ujumbe wa kuomba radhi mara nne na mara nne akaufuta, maana hata radhi ni meseji.

* * *

Jumatatu saa nne kamili alijifungia bandani, akapiga.

"Nilikuambia nini kuhusu meseji?" ilisema sauti ya Naisiae, bila salamu.

"Uliniambia nisitume."

"Na tangu Jumamosi nimepata ngapi?"

"Mia moja na arobaini na kitu," alisema Evaresta. Uongo haukumjia, kwa hiyo aliendelea hivyohivyo. "Si mimi, madam. Ni mume wangu. Alikuta kadi zenu mezani akadhani nimeleta majina ya wachangiaji. Ndiye katibu wa kamati."

"Kadi zote?"

"Zote."

"Na yule wa vigae?"

"Yumo, madam."

Ikasikika sauti ya mtu anayekohoa, na Evaresta alihitaji muda kuelewa kwamba mtu huyo anacheka na hataki ajulikane. "Sikiliza, dada. Pale ukumbini watu hamsini na tisa walitaka ninunue kitu chao. Mumeo peke yake ndiye aliyeniita mahali nikale." Halafu kicheko kikakatika. "Lakini hiyo bajeti. Nani aliandika huo mchele?"

"Mchele?"

"Kilo mia tatu kwa wageni mia nne. Hao mnawalisha au mnawapa na wa kwenda nao kwao? Mimi nanunua chakula mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeisoma hiyo karatasi Jumamosi na usingizi umenipotea. Nakuja Jumapili."

"Na uyoga, madam?"

"Tutaongea hukohuko. Upike." Akakata.

Reginald alipoambiwa kwamba meneja manunuzi wa loji anakuja kwenye kikao, hakushangaa hata kidogo. "Si nilikuambia," alisema, na wiki nzima alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyepandishwa cheo. Kuhusu mpangaji, Evaresta alipouliza tena jina lake, alisema tena kwamba wataongea baadaye.

* * *

Jumapili waliweka viti vya plastiki uani na turubai juu. Mbele alikaa Mzee Gadiel, jirani yao mstaafu wa benki, aliyechaguliwa mwenyekiti kwa sababu ana sauti na hana haraka. Mashangazi walikaa pamoja. Godbless na mchumba wake Princess walikaa pembeni kwa adabu, kama watu waliokuja kusikiliza kesi yao. Simel wa bima alikuwepo, na fomu zake. Saa kumi kamili geti lilifunguliwa akaingia Naisiae, amevaa raba, ameshika ile bajeti imejaa kalamu nyekundu.

Evaresta alikuwa amekaanga uyoga kwa vitunguu na hoho, akauweka sinia moja na ndizi na nyama. Alimhudumia Naisiae, kisha akasimama karibu na jiko na sufuria mkononi, anaangalia sahani ya mtu. Aliogopa, tena sana. Miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa pale kwenye uma. Naisiae alikula wote, akanyoosha sahani aongezwe, akala tena.

Reginald alisimama kusoma bajeti. Alisoma vizuri, kwa mapumziko, kama anayesoma somo la kwanza kanisani. Alipofika kwenye mchele, mkono wa Naisiae ulikuwa juu.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hizi kilo mia tatu zimepatikanaje?"

"Ni kwa usalama," alisema Reginald.

"Wa nani?"

Mashangazi walicheka. Naisiae hakucheka. Alishuka na kalamu yake mstari kwa mstari, na kwa kila mstari aliuliza swali moja fupi lenye heshima. Aliuliza kwa nini magari ni manane wakati kanisa na ukumbi vinatazamana. Aliuliza kwa nini vikundi vya matarumbeta ni viwili.

"Kimoja cha kwenda, kimoja cha kurudi," alijibu Reginald. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nimekuelewa, katibu. Jumla ni milioni ishirini na nane. Sasa fungu la makazi liko ukurasa gani?"

"Makazi?"

"Ya hawa watoto. Wakitoka ukumbini wanakwenda kulala wapi?"

Shangazi mmoja alianza kunyoosha khanga iliyokuwa imenyooka. Reginald alifunua kurasa, ingawa alijua vizuri hakuna cha kukuta. Godbless, ambaye alilelewa vizuri na hakuweza kumwacha mkubwa wake anahangaika, alisimama.

"Shikamoo, mama. Baba mdogo ametupa chumba. Bure kabisa. Ni lile banda pale." Alinyoosha mkono. "Atalitoboa dirisha."

Vichwa vyote viligeuka kutazama banda. Cha Evaresta kilikuwa cha mwisho, kwa sababu yeye alianza kwa kumtazama mume wake. Kumbe hakukuwa na mpangaji. Wiki mbili alikuwa anashindana na mtu ambaye hayupo, anamtafutia mnunuzi wa kumshinda, na mtu mwenyewe ni Godbless aliyekula kwake Krismasi zote. Hasira ilimpanda, na aibu nayo, ile ya kuwa wa mwisho kujua jambo la nyumbani kwake, tena mbele ya wageni. Princess naye alikuwa anaangalia zile mita tatu kwa nne kwa mara ya kwanza, na uso wake haukuwa wa bibi harusi.

Naisiae aliweka sahani chini. "Banda la uyoga wangu?" alisema.

Alisema taratibu, na wengi hawakuona cha ajabu. Evaresta alilisikia lile neno la mwisho, akaegemea ukuta wa jiko.

"Nilikuwa nimwambie mama mwenye nyumba kikao kikiisha," Naisiae aliendelea. "Kilo kumi na tano kila Jumanne, kumi na tano kila Ijumaa, mwaka mzima. Sasa nasikia uyoga unatolewa ili aingie bwana harusi."

"Ilikuwa iwe mshangao," alisema Reginald.

"Wa nani?" aliuliza Evaresta.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno katika kikao. Aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja mpaka mbele. Aliona kwamba akirudi jikoni sasa hivi hatatoka tena.

"Mwenyekiti, mimi nilitakiwa nilete majina ishirini, nikaona haya kuomba watu. Leo naomba. Magari yawe mawili, tarumbeta moja, mchele kilo mia. Kinachobaki wapangiwe nyumba ya mwaka mzima, wachague wenyewe, yenye madirisha. Na banda langu liachwe na giza lake."

"Naunga mkono," alisema Princess, kabla ya mtu yeyote. Bibi harusi mtarajiwa hapigi kura kwenye kikao cha upande wa mume, na shangazi mmoja alifungua mdomo kumkumbusha hilo, akamtazama msichana usoni, akaufunga.

Mzee Gadiel hakuwa na haraka. Aliuliza nani anakubali. Mikono ilinyanyuka, wa Simel pia. Aliuliza nani anakataa, akangoja muda mrefu mno, akimwangalia katibu wake kwa huruma. "Basi imepita. Katibu, andika."

Reginald aliandika, kwa sababu kazi ya katibu ni kuandika kilichosemwa, hata kama kinampiga yeye.

"Umeandika madirisha?" aliuliza Evaresta.

"Nimeandika."

"Soma."

Akasoma.

* * *

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado limeshika kilele cha Meru. Reginald alipanga viti kimoja juu ya kingine mpaka vikaisha, halafu akavipangua akapanga tena. Evaresta aliosha sahani, akamwacha. Mwishowe Reginald alikuja kusimama karibu na beseni.

"Ungeniambia wazi kwamba zile kadi ni za biashara."

"Nilikuambia nakwenda kukutana na watu wa biashara. Wewe ukasikia chai." Alisugua sufuria. "Na wewe ungeniambia ni Godbless. Ningemkatalia nani? Godbless nimemnawisha mimi. Ulinificha kwa sababu ulijua nitakubali huku nimeumia, ukaona mpangaji ni rahisi zaidi."

Reginald alitazama banda. "Kaka angekuwa hai angewajengea," alisema. "Nilitaka watu waone hata sisi tumetoa. Sikuwa na kitu kingine. Nikatoa cha kwako."

Hilo lilimgusa Evaresta, na lilimuuma, vyote kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuficha kimojawapo. "Ni cha kwangu," alisema. "Siku nyingine ukitaka kutoa, toa stoo ya duka." Akampa sahani akaushe, na yeye akaikausha.

"Jumanne unapeleka saa ngapi?"

"Kabla ya saa moja niwe getini kwao."

"Nitakubebea matenga."

"Utabeba. Na ukifika pale hutamwomba mtu mchango."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mlinzi wa geti, je? Huyo si wa manunuzi."

"Hata mlinzi, Baba Nice."

Reginald aliitafakari amri hiyo huku akiifuta sahani ileile kwa mara ya tatu. Kisha alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya mchango iliyokwisha kuandikwa kwa mwandiko wake mzuri, Meneja Mkuu wa Loji na Familia Yake, akampa mke wake bila kubishana.